Kipozeo Alichochagua Mama

Kompyuta ilizima tena. Wiki nzima ilikuwa inanifanyia mchezo uleule: nikiiambia tu itengeneze picha ya jengo zima, inakata. Nilipiga meza kwa kiganja hadi penseli zikaruka.

"Taratibu, mwanangu," mama alisema kutoka chumbani kwake.

"Taratibu ipi, mama? Mkandarasi anataka michoro kabla ya saa nane! Hili lidude litaniua!"

Nikajuta palepale. Tangu baba afariki nilimbembeleza mama aiache ile nyumba tupu aje akae nami, akawa anakataa. Alipokubali alitoa sharti moja: siku atakapoona amekuwa mzigo, anafunga begi lake anarudi kwake, na asibembelezwe. Namjua. Akisema, amesema. Kwa hiyo humu ndani nilimkataza kila kitu, asioshe, asipike, asifagie. Akae tu, apumzike. Nilidhani huko ndiko kumtunza.

Nikampigia shemeji, mume wa mdogo wangu. Ni fundi wa kompyuta, na tunamwita Bisibisi kwa sababu hata siku ya harusi yake alikuwa nayo mfukoni. Alifika na mfuko wa vipozeo.

"Ugonjwa ninaujua," alisema. "Ni chipseti, ile chipu ya kwenye mazabodi, ule ubao mkuu, inayounganisha vifaa vyote vya ndani. Inachemka mno, mashine inajizima isiungue. Tunabadilisha kile kipande cha bati kinachoipoza. Haya, chagua."

Kimoja kilikuwa kirefu, akakirudisha mfukoni mwenyewe, maana kingegonga kadi ya picha. Vikabaki viwili. Kimoja kifupi, kipana, mapezi matupu ya alumini, vibati vyembamba vilivyosimama kama meno ya kitana. Kingine kidogo, kimezungukwa na fremu ya plastiki, na juu yake kifeni.

"Chukua cha mapezi," akasema. "Kimya, na hakina cha kuharibika. Hivi vifeni vidogo vina kelele, halafu havidumu."

"Hichohicho. Kelele sizitaki, zangu zinanitosha."

Ubavu wa kasha la kompyuta ulikuwa wazi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia niuache hivyo mashine ipate hewa. Akawasha tochi, akainama. Akainuka, akanitazama, akainama tena.

"Shemeji, hii nini?"

Nikachungulia. Lo! Juu ya chipseti, pale bati linapotakiwa kupumua, palikuwa na kijifuko cha kitambaa kizito cha bluu. Si tambara lililodondoka. Kilikuwa kimeshonwa! Kimepindwa pindo, kimetiwa mpira pembeni kibane vizuri, na juu yake kimedariziwa ua dogo la njano.

Nilimgeukia shemeji.

"Bisibisi, huu ni utani gani?"

"Mimi? Mimi hata kifungo sijui kushona!" Alikivua kwa ncha za vidole kwa jinsi kilivyokuwa cha moto. Ndani kilikuwa kimeshaanza kubadilika rangi. "Jamani! Mtu ana homa, mkamvika sweta!"

"Nani kafanya upuuzi huu?" nilipayuka. "Mwehu gani anaivalisha kompyuta nguo?"

"Ni mimi."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Bisibisi, aliyekuwa ameanza kucheka, alikimeza kicheko chake.

"Nilikuwa nafuta vumbi, wewe umetoka," mama alisema. "Hicho kibati kina makali, kilinikata." Akanyoosha kidole. Alama ilikuwa bado ipo. "Na nakuona unavyoingiza mkono humo bila kutazama. Nikasema kitakukata na wewe. Nikakishonea."

Ukoo mzima unaniogopa kwa mdomo. Wiki nzima nimeitukana kompyuta, nimemtukana aliyeniuzia, nimetukana mpaka umeme, na mama yuko chumba cha pili anasikia.

"Kumbe ndicho kilichokuharibia kazi," alisema polepole. "Basi. Nimesikia."

Akageuka, akarudi chumbani. Mara nikasikia zipu ya begi. Mungu wangu, ile sauti ilinikata maini.

Simu ikaanza kulia. Mkandarasi. Niliitazama nikaiacha ilie, nikavinyakua vile vipozeo viwili, nikamfuata mama. Nilimkuta amekaa kitandani, ameshavaa viatu.

"Mama, usiende."

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana siku ukiwa mzigo. Wewe si mzigo, mama! Mimi ndiye niliyekukalisha humu kama mgonjwa, nikakunyima hata ufagio. Nisamehe kwa lile neno. Sikujua ni wewe."

"Ungejua usingelisema," mama alisema. "Lakini ungelifikiri."

Alisema kweli. Nilimwekea vipozeo mapajani.

"Kimoja kinaingia mle sasa hivi. Chagua wewe."

"Mimi najua nini?"

"Unajua kinachokata."

Alinitazama akipima iwapo namdhihaki. Kisha akapitisha kidole kwenye mapezi, akauvuta mkono upesi. Akashika chenye kifeni, akakizungusha kwa kidole, akaipapasa fremu pande zote.

"Hiki hakina ubaya."

Bisibisi, aliyekuwa mlangoni, alifungua mdomo atuambie habari za kelele. Nilimkata jicho, akaufunga.

Akarudi kwenye kompyuta, akasafisha chipu, akapaka dawa mpya ya kupitisha joto, akakibana kipozeo cha mama. Kompyuta ikawaka, na kifeni kikaanza kulia kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Nikaiambia itengeneze picha. Ukatokea msingi, zikatokea kuta, likatokea paa. Haikuzima. Niliituma saa nane imeshapita, mkandarasi akafoka weee, nikayapokea yote bila kujibu, jambo ambalo Bisibisi amelitangaza kwa ndugu wote.

Nilipogeuka, mama alikuwa nyuma yangu, begi mkononi, anasikiliza.

"Italia hivyo siku zote?"

"Siku zote, mama."

"Na utaweza kufanya kazi?"

"Nitaweza."

Aliitazama ile mashine, akanitazama mimi. Akaweka begi chini.

"Niletee kitambaa cha kufutia," alisema. "Hiyo meza yako ni aibu."