Mvua ya Mkekani

Jumapili ya kwanza ya mapumziko ya shule, saa moja na robo asubuhi, Mahfudha alikuwa jikoni kwake Sib, pembeni mwa Maskati, akimimina chai ya maziwa katika chupa mbili, moja ya sukari na moja bila sukari, kwa sababu mumewe Hamdan alikuwa na kisukari ambacho mwenyewe hakukikubali. Sambusa zilikwisha kukaangwa na kufunikwa kitambaa. Mkeka mkubwa wa plastiki ulisimamishwa mlangoni. Rahila, mtumishi wao, alikuwa chumbani akimvisha nguo za pwani Loay, mtoto wa miaka miwili, na Loay alikuwa akiikataa suruali.

Simu ya Mahfudha ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka Lushoto, wa kaka yake Rahila. Alikuwa na namba ya Mahfudha kwa sababu simu ya Rahila mwenyewe ilikaa kwenye droo ya kabati la vyombo, pamoja na pasipoti yake, na alipewa siku ya Ijumaa tu, baada ya chakula cha mchana hadi magharibi. Ndivyo nyumba ile ilivyokwenda, na nyumba nyingine za jirani, na hakuna aliyewahi kuliona hilo kuwa jambo la kuzungumzwa.

"Shikamoo mama," ilisema sauti. "Samahani kwa usumbufu. Naomba umwambie Rahila mama yetu ametutoka usiku huu. Tunazika leo saa kumi. Akiweza apige, hata kidogo."

Mahfudha aliusikiliza mara mbili. Kisha akamwambia mumewe kwa Kiarabu, kama walivyozoea kila walipotaka kusema jambo lisilomhusu Rahila, au linalomhusu sana.

"Leo?" akauliza Hamdan, naye alikuwa akitafuta funguo za gari. "Leo ndio siku ya kwanza. Akijua atalia, na watoto watakosa raha. Nani atamshika Loay pwani? Mwambie Ijumaa, akipewa simu yake."

"Ni mama yake, Hamdan."

"Na Ijumaa atakuwa bado ni mama yake."

Mahfudha akafunga chupa za chai. Inafaa ijulikane, na haisemwi hapa kumtetea, kwamba hakuwa mtu wa kupuuza misiba. Tangu aolewe hakuwahi kukosa matanga hata mara moja. Alikuwa na abaya yake maalumu ya kuendea, nyepesi, isiyo na nakshi, na mtu akifa popote baina ya Barka na Maskati, Mahfudha alijua kabla maji ya kumkoshea hayajapata moto. Alijua vizuri kabisa jinsi khabari ya kifo inavyopelekwa, kwa mguu gani na kwa uso gani. Siku hiyo alibeba sambusa.

Utabiri ulikuwa umesema munkhafadhi, ile hali mbaya ya hewa inayopenda kuingia watoto wakifunga shule, itafika kabla ya adhuhuri. Walipofika ufukwe wa Qurum mbingu ilikuwa safi, na watu wamejaa. Walitandika mkeka. Mvua ikaanza kunyesha juu ya mkeka, upande hadi upande, na haikuvuka ukingo.

Haikuwa mvua ya Maskati. Mvua ya Maskati huja kwa fujo, ikajaza wadi, yale mabonde makavu, kwa saa moja, ikachukua gari mbili tatu, ikaondoka. Hii ilikuwa nyembamba, ya baridi, haina haraka, na ilinuka udongo mwekundu na moshi wa kuni mbichi. Jamaa wa mkeka wa jirani walisogea hatua mbili ili makaa yao yasizimike, wakawaazima mwavuli. Bashayer, binti wa miaka tisa, alitia mguu mvuani akautoa, akautia akautoa, mpaka akachoka. Hamdan alikula sambusa chini ya mwavuli akisema watu wa utabiri wanalipwa bure.

Rahila alikaa ukingoni na Loay mapajani. Alikinga kiganja, akanusa maji.

"Hii ya kwetu," alisema. "Mwezi huu hunyesha hivi hivi, wiki nzima. Mama, kaka hajapiga?"

"Hajapiga, mwanangu," akasema Mahfudha.

Ilikuwa kweli. Hakupiga, alituma ujumbe. Mahfudha aliushika ukweli huo mdogo kwa mikono miwili, na aliona aibu kuushika, na aibu haikumfungua mdomo.

Saa kumi na moja ya Maskati, ambayo Lushoto ni saa kumi, tope jekundu lilitanda juu ya mkeka, na juu ya tope zikaja nyayo. Nyingine za makobazi, nyingine za viatu vya mpira, nyingine za miguu mitupu, zote zimeelekea upande mmoja, zimezama kama za watu waliobeba kitu kizito. Baada ya muda zikaja nyingine zinazorudi, na hizo hazikuzama sana. Rahila alizitazama mpaka zilipokwisha, kisha akamfuta Loay pua.

Jumatatu walikwenda kwenye bustani moja upande wa Khoudh. Utabiri ulisema jua. Likavuma vumbi la kufumba macho, watu wote wakawa wanatafuna mchanga, isipokuwa familia ya Hamdan, waliokuwa wamelowa. Mlinzi wa bustani alikuja akawaambia mvua yao ibaki mkekani, isimwagike kwenye majani, kwa kuwa majani yalikwisha kumwagiliwa asubuhi kwa ratiba. Hamdan akamwahidi. Safari hii mvua ilidondosha vipande vya majani ya mgomba, na Rahila akaviokota kimoja kimoja, akavipanga pembeni.

Ujumbe wa pili ukaingia. "Mama, amepata khabari?" Mahfudha akaandika, "In sha Allah." Akalitazama jibu lake, akaona linavyofanana na uongo, akaigeuza simu kifudifudi.

Jumanne walipanga kwenda pwani ya Sib kuchoma mishkaki, lakini njiani Mahfudha alitaka kupitia msiba. Marehemu alikuwa shangazi wa mume wa binamu yake, mtu ambaye hakupata hata kumwona. Ilikuwa siku ya tatu, ya mwisho.

"Nisipotokea itakuwa aibu," alisema garini.

Loay alikataa kubaki na baba yake, kwa hiyo Rahila akashuka naye. Katika ukumbi wanawake walikaa kuzunguka kuta nne, na Mahfudha akapita akiwapa mkono mmoja mmoja, akianza na Bi Nadra, dada wa marehemu, mwanamke wa miaka themanini mwenye miwani mizito. Rahila alikaa kiti cha mlangoni, karibu na viatu.

Kahawa haijamfikia, mvua ikaanza juu ya kiti chake. Ilitoka darini, baina ya viyoyozi viwili, nyembamba na baridi. Mwanamke wa karibu akampokea Loay asilowe. Mwingine akaondoa sahani ya tende. Bi Nadra akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Nani kakufia, mwanangu?" akauliza kwa sauti.

"Mama," akasema Rahila.

"Lini?"

"Juzi. Walizika alasiri. Nilikuwa pwani."

"Na mie nnakaa hapa siku tatu napewa pole peke yangu," akasema Bi Nadra. Akainuka kwa bakora yake, akavuka ukumbi, akaingia mvuani, akampa Rahila mkono.

Wanawake wengine wakainuka pia, kwa sababu hiyo ndiyo kawaida, na mtu mkubwa akiinuka huwezi kubaki umeketi. Wakapanga mstari. Mahfudha alikuwemo katika mstari huo. Kutoka kungeonekana. Alikuwa nyuma ya watu kumi na moja, na kila aliyempa Rahila mkono alirudi amelowa hadi kwenye kiwiko. Alitamani zamu yake isifike. Uso ulimwaka kama wa mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni, mtoto wa miaka arobaini na mbili.

Zamu ikafika.

"Adhama Allahu ajraki," akasema Mahfudha, maneno ya kumpa pole mfiwa, aliyoyasema mara mia na zaidi katika maisha yake bila kukwama. Yalikwama, akayarudia.

Mkono wa Rahila ulikuwa wa baridi. "Ahsante kwa kuja, mama," alisema, kama alivyowaambia wote.

Hakuna aliyeuliza ni nani aliyepaswa kumpa khabari. Bi Nadra alimtazama Mahfudha kidogo, kisha akatazama kikombe chake, na hilo lilikuwa baya kuliko kuulizwa. Mtumishi wa ukumbini akaleta ndoo na tambara.

"Mbona mmelowa?" akauliza Hamdan garini.

"Keshajua," akasema Mahfudha, kwa Kiarabu.

"Basi afadhali, khabari imefika." Akawasha gari. "Simu Ijumaa, kama kawaida."

Wakaenda pwani, wakachoma mishkaki. Rahila alimlisha Loay.

Ijumaa baada ya chakula alipewa simu. Alipiga akiwa juu ya dari, kwenye kamba za nguo, na mvua ikamnyeshea huko, ikabidi Bashayer apande kuanua mashuka ya upande mwingine. Aliposhuka alisimama mlangoni mwa sebule.

"Baba, naomba niende nyumbani kwa hitima ya arobaini."

"Shule zikifungwa Juni, in sha Allah," akasema Hamdan, kwa upole kabisa. Arobaini ilikuwa mwezi wa Mei.

Magharibi Rahila akairudisha simu. Ilikuwa imelowa. Mahfudha aliipangusa kwa ushungi wake, taratibu, pande zote, hata pale isipohitaji, akaiweka droo ile ile juu ya pasipoti. Alisimama na mkono kwenye droo. Alijua pasipoti ilipo, na alijua droo haina kufuli, kwa kuwa haikuwahi kuhitaji. Akaisukuma ikafunga.

Mkeka ulioshwa mara tatu kwa sabuni na nyayo hazikutoka. Ijumaa iliyofuata, utabiri uliposema hakuna mvua, walirudi Qurum, na Mahfudha akautandika upande wa chini ukiwa juu. Hamdan akasema unaonekana mpya. Wakakaa. Rahila akawamiminia chai, moja ya sukari na moja bila sukari, na mvua ikaanza.