Mkono wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hasikii. Masikio anayo mazima, hata majirani wakinong'ona nyuma ya ukuta anawasikia, lakini ukimwambia jambo la mashine yake hasikii. Na mimi siwezi kumwambia moja kwa moja, maana ni mkwe. Hapa kwetu Usoke mwanamume hamsogelei mama wa mkewe, hamshiki mkono, hali naye sahani moja, na wakikutana njiani anampisha huku akitazama chini. Nayakubali yote hayo, ndivyo nilivyolelewa. Ila walioiweka heshima hiyo hawakuwahi kufanya kazi na mama mkwe kwenye mashine ya kukatakata matawi.

Mashine ni yake. Aliinunua alipochoka na tumbaku. Unaingiza matawi mdomoni, visu vinazunguka ndani, na upande wa pili vinatoka vipande vidogo vya kuni ambavyo mama lishe wa stesheni wanavigombania kwa majiko yao. Mimi ndiye mwendeshaji na fundi. Magreth, mke wangu, anajaza magunia. Mama mkwe, Apolinaria kwa jina ambalo mimi silitamki, ndiye bosi. Nikiwa na neno kwake namwambia Magreth, naye Magreth anamwambia mama yake, ingawa mama yake amesimama palepale na amesikia kila kitu.

Sasa mashine hii ina tabia ya kukabwa. Ukiipa matawi mabichi, au ukiyasukuma kwa pupa, inanguruma, inakohoa, inasimama. Kuizibua si kazi ngumu, ila kuna utaratibu wake. Nazima swichi kubwa ya ukutani. Nachomoa plagi na kuitundika kwenye msumari ninapoweza kuiona. Nasubiri visu vitulie kabisa, kwa sababu huendelea kuzunguka hata baada ya kuzimwa. Ndipo nafungua kifuniko na kuvuta takataka kwa ndoano ya chuma yenye mpini mrefu. Mkono hauingii mle, hata kidole hakiingii.

"Magreth," husema mama mkwe akinisubiri, "muulize mumeo kama anazibua mashine au anasali novena ya siku tisa."

Kejeli nilizivumilia. Kilichonipandisha presha ni umeme. Hapa kila nyumba umeme ukikatika watu huacha taa moja imewashwa ili wajue ukirudi. Mama mkwe hushinda jikoni nyuma ya nyumba, taa ya sebuleni haioni, kwa hiyo akaamua kengele yake iwe mashine. Umeme ukikatika nazima swichi. Nikigeuka, ameiwasha.

"Mwambie mkwe aiache," alimwambia Magreth. "Ikianza kunguruma tutajua umeme umerudi."

"Mwambie mama," nilisema nikitazama kucha za miguu yangu, "kwamba mashine iliyosimama na mashine iliyozimwa ni vitu viwili."

"Mama, mume wangu anasema..."

"Nimesikia. Mwambie mashine ni yangu."

Tulikwenda hivyo kiangazi chote. Nazima, anawasha. Nilichoka mpaka nikawa naongea peke yangu nikienda kuchota maji, na watu wakaanza kumuuliza Magreth kama niko sawa.

Siku yenyewe Magreth alikuwa amepanda basi kwenda Tabora mjini kununua magunia. Nilimwomba asiende, maana akiondoka yeye nyumba inabaki haina mdomo. Akaniambia nijikaze. Haikufika hata saa nne, mama mkwe akasukuma tawi la mwembe likiwa na majani yake yote, mashine ikakabwa, na kabla sijafika kwenye swichi umeme nao ukakatika. Nikazima. Nikachomoa plagi, nikaitundika. Wakati huohuo mteja akaniita barabarani nimpakilie magunia kwenye mkokoteni, nami nikaenda.

Niliporudi plagi ilikuwa imechomekwa ukutani na swichi imewashwa. Kifuniko kilikuwa wazi. Mama mkwe alikuwa amekunja mkono wa gauni mpaka begani, na mkono wenyewe umezama ndani ya mashine hadi kwenye kiwiko. Alikuwa ananisaidia.

Swichi ilikuwa nyuma yake, na kati yake na ukuta pana upenyo ambao nisingepita bila kumgusa. Magreth hayupo. Kiumbe pekee aliyekuwa karibu ni mbuzi, amefungwa kwenye nguzo, anakula majani ya yale matawi. Basi nikamgeukia yeye.

"Wewe mbuzi," nikasema, "mwambie mama atoe mkono. Swichi imewashwa."

Mbuzi akaendelea kutafuna.

"Mbuzi," akajibu mama mkwe bila kugeuka, "mwambie mkwe umeme haupo."

"Mbuzi, mwambie umeme ukirudi haupigi hodi."

"Mbuzi, mwambie limebaki tawi moja tu."

Nilikuwa namwona begani jinsi anavyojinyoosha kulifikia hilo tawi moja. Niliogopa, na uoga ule ukageuka hasira, hasira ya kiangazi kizima. Nikaenda kwa hatua za haraka, nikamshika mama mkwe wangu mkono juu ya kiwiko, nikamvuta kwa nguvu zangu zote. Tukarudi kinyumenyume wote wawili, yeye akaketi juu ya magunia bila kupenda, tawi likiwa mkononi.

"Unanishika," akasema. Alinitazama usoni, na mimi nilimtazama usoni, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu nimuoe binti yake.

Mashine ilinguruma. Iliamka ghafla na kuzunguka kwa wepesi, kwa sababu yeye alikuwa ameizibua vizuri, na kwa jinsi kifuniko kilivyokuwa wazi tuliviona visu vyote. Bado nilikuwa nimemshika. Nikamwachia, nikapenya hadi ukutani, nikazima. Visu viliendelea kuzunguka, vikapunguza mwendo, vikatulia. Mama mkwe alikuwa ameukumbatia mkono wake kifuani. Akainuka, akaingia jikoni kwake.

Magreth aliporudi jioni alikuta ujumbe unamsubiri: mkwe amenishika mkono, na alete kuku wa faini, kama mila inavyotaka.

"Nimemwokolea mkono halafu natozwa kuku?" nikamuuliza Magreth, kwa sauti ya kutosha kuvuka ukuta. "Mwambie mama yako..."

"Amesikia," akasema Magreth kwa uchovu.

Kesho yake nikanunua kuku kwa jirani, jike nene. Nikamweka kwenye mlango wa jikoni, nikarudi mbali, nikasimama karibu na mashine nikipanga hotuba ambayo Magreth angeifikisha. Ilikuwa ndefu. Ndani yake kulikuwa na swichi, plagi, novena na mbuzi.

Baadaye kidogo mama mkwe akatoka na beseni la maji ya moto, akakaa kwenye kigoda na kuanza kumnyonyoa kuku. Hiyo ni kazi ambayo siku zote humwachia Magreth. Mkono wa kushoto ulishika miguu, wa kulia ukang'oa manyoya, vidole vikaingia chini ya bawa vikatoka, haraka haraka, vyote vitano. Nilipaswa kutazama chini. Nilishindwa. Niliitazama ile mikono miwili mpaka hotuba yote ikanitoka kichwani.

"Magreth," mama mkwe aliita, bila kuinua kichwa, "mwambie mkwe kuku wake amekonda."

"Mama, amesikia."

"Na umwambie umeme umekatika. Nimeshazima, lakini aende akahakikishe."

Nikaenda. Swichi ilikuwa imezimwa, na plagi ilikuwa kwenye msumari. Na yule kuku hakuwa amekonda hata kidogo.