Kadi ya Mugisha

Njia nzima kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Eliane alikuwa akijiambia kwamba mtu aliyevaa sare ni mtu kama wengine. Alipofika kwenye lango la kambi ya jeshi, Mbarara, moyo wake ulikataa kusikia habari hiyo. Alizaliwa Fizi, Kivu Kusini, Kongo, na huko kwao watu wenye sare walipotokea hawakuja kwa heri. Lakini kazi ndiyo iliyomwita huku, naye hakuwa mtu wa kuikimbia kazi. Alipiga moyo konde, akamkabidhi askari wa lango kitambulisho chake cha ukimbizi, akasimama wima na mfuko wake wa bisibisi begani.

"Unaenda kwa nani?"

"Kwa Sajini Twinomujuni. Miye ni fundi ya kompyuta."

Askari alikitazama kitambulisho, akamtazama yeye, akakirudisha kwa mikono miwili. "Sawa, fundi. Simama kwa kivuli. Madamu yake anakuja kukuchukua."

Goreti, mke wa sajini, alikuja mbio na kanga kiunoni. Walikuwa wakijuana. Ndugu zake Goreti walilima matoke kule Masha na kuyapeleka hadi soko la Nakivale, na hapo sokoni Eliane alikuwa na kibanda chake cha kutengeneza simu na kompyuta. Aliwahi kuifufua kompyuta ya shemeji yake Goreti iliyomwagikiwa chai ya maziwa, na tangu siku hiyo jina lake halikutoka midomoni mwa ukoo ule.

"Usishangae akiwa mkali," Goreti alisema wakipita kati ya nyumba za askari, ambako nguo zilianikwa kila upande. "Si wewe. Ni ule mguu."

Jovan Twinomujuni alikuwa dereva wa malori ya jeshi tangu ujana. Mwaka uliopita lori lake lilipinduka kwenye mteremko, akatolewa humo akiwa hai, lakini mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti. Walimpa kazi stoo ya matairi. Alikwenda, akarudi, akakaa kimya. Kesho yake vivyo hivyo. Wenzake wakaona kwamba wanampoteza mtu aliye hai. Aliyepata dawa ni Mugisha, rafiki yake wa misafara, ambaye sasa alikuwa kwenye kituo cha mbali nje ya nchi. Kulikuwa na gemu ya malori, alisema, ambayo watu walio pande mbalimbali za dunia wanaweza kuendesha pamoja, msafara mmoja, barabara moja. Madereva wakachanga, wakapata usukani wa kompyuta wenye wenzo wa pembeni, ili mtu atie mafuta, yaani aongeze mwendo, kwa mkono badala ya mguu. Mugisha mwenyewe alinunua kadi ya picha, kile kipande kinachochora kila kitu kwenye skrini, akampa askari aliyekuwa akirudi likizo ailete. Vipande vingine Jovan aliviagiza mwenyewe kwa simu, kimoja kimoja, kila alipokiona kizuri. Jumapili alasiri Mugisha angekuwa na nafasi. Leo ilikuwa Ijumaa.

Vipande vyote vilikuwa vimepangwa juu ya meza, vimefutwa vumbi kama vyombo vya harusi. Jovan alikaa nyuma ya meza, magongo yameegemezwa ukutani.

"Karibu, fundi. Kila kitu iko hapa. Wewe funga tu, halafu weka umeme."

Eliane alivuta kiti. Hakugusa bisibisi. Alichukua prosesa, ubongo wa kompyuta, akaigeuza. Tumboni ilijaa pini ndogo kama mswaki. Kisha akafunua kifuniko cha mazabodi, lile bao ambalo vipande vyote hukaa juu yake. Nalo lilikuwa na pini mahali pa prosesa. Akazikagua memori, vile vibamba vya kumbukumbu, akaipima kadi ya Mugisha kwa shubiri, akailinganisha na kasha la kuvifungia vyote.

"Afande," alisema, "hivi bitu vyote ni bizuri. Kimoja kimoja. Lakini habipatane."

"Hazipatane namna gani? Zote ni za kompyuta."

"Gurudumu ya lori na gurudumu ya pikipiki, si zote ni gurudumu?"

Eliane akamsogezea prosesa na bao. "Ona. Hii iko na pini, na hii pia iko na pini. Moja ilipashwa kuwa na tundu. Ni kampuni mbili, hazioane. Memori ni ya kizazi cha nyuma, mukato wake uko fasi ingine. Na hii pawasaplai ya kugawa umeme..." Akainyanyua kwa mkono mmoja. "Ni nyepesi sana. Ndani ni hewa tupu. Kadi hii inakula moto mingi, itaichoma siku ya kwanza."

"Na kadi?"

"Kadi ni nguvu kabisa. Lakini ni ndefu. Haiingie mu kasha."

Uso wa Jovan ulikunjamana. Goreti, aliyekuwa amesimama mlangoni, alianza kuhesabu vidole vyake vya mikono kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

"Sikia," Jovan alisema polepole. "Kila kitu unaweza kutupa. Hata kasha, hata mimi. Hiyo kadi hapana. Mugisha alinunua hiyo kadi mahali watu wanalala ndani ya mahandaki. Unaniambia nimwambie haikuingia?"

Eliane alimtazama. Hapo ndipo alipogundua kwamba kwa muda wote huo hakuwa ameiona sare iliyotundikwa nyuma ya mlango, wala moyo wake haukuwa ukimdunda. Mbele yake alikaa mtu mwenye tatizo analolijua.

"Miye sikusema tutaitupa kadi," alijibu. "Nasema tutaanzia kwayo. Kadi inabaki. Prosesa pia inabaki, ni nzuri. Bingine byote njo bitazifuata hizo mbili. Kesho asubuhi naenda mu mji kutafuta bao, memori na pawasaplai. Lakini kasha, we njo utalitengeneza."

"Mimi?"

"Uko na tupa?"

Dereva wa lori la jeshi hakosi tupa. Eliane akamwonyesha ndani ya kasha kile kizimba cha chuma cha kushikilia diski za zamani, kilichoziba njia ya kadi. Kilikuwa kimepigwa ribiti. Kikitoka, kadi itapata nafasi na upepo juu yake. "Usiguse ukuta wa nje," alimwonya. "Na unga wa chuma uufute wote. Hata chembe moja ikibaki inaweza kuua bao."

"Fundi, mimi nimefungua injini porini na mvua inanyesha," Jovan alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na mtu ndani yake. "Unanifundisha kufuta?"

Usiku huo Eliane alilala Ruharo kwa Bernardine, mama wa kanisani kwao. Jumamosi asubuhi akawa dukani kwa Babra, mwanamke mnene mcheshi aliyeuza kompyuta kuukuu na vipande vyake. Babra alimletea pawasaplai inayong'aa, ina taa za rangi saba.

Eliane aliipima mkononi, akairudisha. "Hapana, madamu. Hii ni disko."

Babra akacheka hadi akashika kaunta. "Banange, huyu hadanganyiki! Haya, njoo nyuma uchague mwenyewe." Nyuma ya duka Eliane alichagua pawasaplai nyeusi isiyo na urembo, nzito kama jiwe la kusagia, yenye nyaya mbili za kulisha kadi. Alisoma maandishi ya ubavuni, akahesabu kichwani kadi inakula kiasi gani, prosesa kiasi gani, akaacha akiba. Memori alizichukua mbili zinazofanana, ili zifanye kazi bega kwa bega. Mwisho akachagua bao lililotumika kidogo, tundu zake safi, lenye jina lile lile la ukoo wa prosesa. Akalitazama mbele na nyuma, akaridhika.

Alipofika kambini alikuta kizimba kimekwisha kung'oka. Jovan alikuwa amezilainisha kingo zote, kisha akazipaka rangi ya kijani ya malori. Ndani ya kasha hamkuwa na chembe ya unga.

"Goreti alinipa brashi yake ya kupaka keki mayai," alisema. "Usimwambie umejua."

"Nimesikia!" Goreti alipaza sauti kutoka jikoni.

Walifunga pamoja. Prosesa ilishuka ndani ya bao bila kusukumwa. Memori zikalia tik, tik. Kadi ya Mugisha ikalala mahali pake, ikabaki na nafasi ya kidole mbele yake, na Jovan akapitisha kidole chake pale kwenye nafasi mara mbili tatu, kana kwamba haamini. Eliane akachomeka umeme, akabonyeza.

Feni zikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi.

Alibonyeza tena. Alichomoa memori, akarudisha moja moja. Nyeusi. Jikoni sufuria ilinyamaza. Mkono wa Jovan ulianza kuyatafuta magongo, na Eliane alijua kwamba akiyashika na kuondoka mezani, hatarudi.

"Afande, kaa," alisema. "Haijakufa. Ingekuwa imekufa, feni hazingezunguka."

Alifumba macho, akapitia kila kitu kama mtu anayerudi nyumbani kwa njia aliyojia. Umeme upo. Kadi imeshiba. Memori ni sawa. Prosesa na bao vimeingiana. Vimeingiana... lakini je, vinajuana? Akafumbua macho, akaangaza tochi ya simu kwenye kibandiko kidogo kando ya bao. Bao lilikuwa la toleo la mwanzo kabisa. Prosesa ilikuwa changa kuliko bao kwa miaka kadhaa. Ndani ya kila bao mna programu ndogo ya kuamshia, na ile ya bao hili iliandikwa kabla prosesa hii haijazaliwa.

"Nimekosea," alisema waziwazi. "Niliangalia tundu, sikuangalia umri. Bao hili halijui huyu mutu aliyekuja kulala kwake. Linafunga mulango. Tutalifundisha jina lake."

"Linafundishwa namna gani kama halitaki kuamka?"

"Tunaliletea mutu linalomujua. Prosesa ya zamani, ya ukoo ule ule. Likiamka nayo, tunalipa programu mpya, halafu tunarudisha ya kwako."

Jovan aliyashika magongo, akasimama. "Twende."

"Wapi?"

"Kwa huyo Babra. Nitakuja pamoja na wewe."

Goreti alitoka jikoni na mwiko mkononi. Tangu atoke hospitali, mumewe hakuwahi kuvuka lango la kambi ila kwenda kliniki. Alirudi ndani kumletea shati safi.

Babra hakuwauzia prosesa ya zamani, aliwaazima. Alivuta kompyuta moja rafuni akaichomoa yake. Kasha walikuwa wamekuja nalo ili Babra aone tatizo; Eliane alitaka kuibeba prosesa hadi kambini, lakini Babra akakataa: aliwasafishia meza palepale, kwa kuwa alitaka kuona. Bao liliamka mara moja. Eliane akaingiza programu mpya kwa flashi, akaomba watu wote wasiguse waya wowote, kwani umeme ukikatika katikati ya kazi ile bao linakufa kweli. Jovan alijisimamisha mbele ya soketi ya ukutani na magongo yake yote mawili, akawa mlinzi. Wateja walioingia walimkuta hapo, wakazunguka mbali.

Programu ilimalizika. Prosesa ya Jovan ikarudishwa mahali pake. Skrini ikawaka, na kwenye mstari wa juu bao likaandika jina la prosesa, herufi kwa herufi.

"Limemujua," Eliane alisema.

"Webare munonga, fundi," Jovan alimshukuru kwa lugha ya kwao, na kwa kuwa alikuwa mwanajeshi na hakujua afanye nini zaidi, akapiga saluti.

Jumapili baada ya ibada Eliane alirudi kuhakikisha joto la kadi. Alikuta usukani umefungwa mezani, wenzo wa mafuta upande wa mkono wa kulia, na Jovan amevaa vizuri kama mtu anayekwenda kazini. Saa tisa sauti ya Mugisha ikaingia kwenye spika, imejaa upepo.

"Twino! Kadi inafanya?"

"Inafanya mpaka naona majani ya miti moja moja."

"Tangulia basi. Mimi nakaa nyuma yako."

"Acha nafasi. Ukinigonga nakupeleka kwa kamanda."

Malori mawili yakaondoka. Eliane alitazama tarakimu za joto pembeni ya skrini. Zilipanda, zikatulia mahali alipozitarajia. Hakuijua ile gemu wala hakuwahi kucheza hata moja, lakini alimwona Jovan akiinama kidogo na kila kona, bega likitangulia, na alipofika kwenye mteremko mrefu akapunguza gia mapema, akashuka taratibu, mdomo umefungwa, hadi chini. Huko chini akashusha pumzi. Kwenye kioo cha pembeni cha lori lake, Mugisha naye alionekana akishuka taratibu, nafasi ameiacha. Kisha wakaanza kuzungumza bei ya mbuzi.

Goreti akatokea na sahani ya matoke na mchuzi wa karanga. "Jovan, chakula."

"Ngojea kidogo, mama. Niko barabarani."

Miaka yote ya ndoa yao Goreti alikuwa akiambiwa maneno hayo kwa simu, akiwa amepika, akinung'unika. Sasa alisimama na sahani mkononi, akageuza uso upande wa dirisha. Halafu akairudisha jikoni, akaifunika vizuri, akarudi na sahani nyingine.

"Basi wewe kula, dada," alimwambia Eliane. "Huyu hatafika leo."

Eliane alinawa mikono, akala akashiba. Jirani mmoja, mke wa koplo, alikuwa amekwisha kuchungulia mara kadhaa mlangoni, na sasa akaingia moja kwa moja akaketi karibu naye.

"Fundi, wangu pia anataka moja. Tayari amenunua kasha."

"Mwambie asinunue kitu kingine," Eliane alisema, akijifuta vidole. "Ijumaa nitakuja. Nikifika kwa lango, mutatuma mutu anipokee?"

"Ya nini?" mke wa koplo alishangaa. "Si wanakujua."