Nguruwe wa Mwaloni

Tangu nistaafu kukata tiketi za treni, kazi yangu ni kuzurura msituni na mbwa wangu Tobia, tukitafuta ule uyoga wa thamani unaojificha chini ya udongo, ambao mbwa huunusa. Huku kwetu Piemonte, Italia, mtu atakuonyesha hata kovu la upasuaji, lakini si mti ambao chini yake huchimba uyoga wake. Jirani yangu Gualtiero, mstaafu mwenzangu, hudai anachimba ng'ambo ya mto. Mimi humwambia nachimba nyuma ya makaburi. Waongo sote wawili.

Juzi akavunjika mguu, akaniomba nimtembezee mbwa wake, Bricola.

"Barabarani tu, Ezio! Msituni usikanyage."

"Ala! Mti wako nautakia nini, nami nina wangu?"

Nilipokata kona tu, nikaingia msituni. Bricola akanivuta kijitoni, akanipandisha kilima, nami nyuma nahema huku nacheka peke yangu. Mwisho akasimama chini ya mwaloni uliopasuliwa na radi, akaanza kufukua.

Kicheko kikanikauka. Mwaloni ule ni wangu! Miaka tisa nimekuwa nikikuta mashimo pale, nikiwalaani nguruwe mwitu.

Nikamrudisha Bricola, pua yote matope. Gualtiero akamtazama, akanitazama.

"Mmetoka wapi?"

"Nyuma ya makaburi."

Akashusha pumzi. "Afadhali. Maana kwangu mimi, kila nikifika nakuta nguruwe wameshanitangulia. Washenzi wale! Mungu awalaani!"

"Amina," nikasema, nikainama kumkuna Bricola masikio.