Chungu Kisichosaidiwa

"Usikisaidie," mtahini alimwambia dada yangu. "Kifinyange tu. Kikitaka kuanguka, kianguke."

Dada alikuwa ameinamia gurudumu la kufinyangia, tope mpaka viwikoni. Mimi nilikaa nyuma kabisa ya chumba, moyo ukinidunda kana kwamba shahada ilikuwa yangu.

Miaka yote ile nyumba yetu ilinuka udongo mbichi. Dada, mfinyanzi tangu usichana, alikwenda chuo kikuu na mvi zake kuthibitisha jambo moja tu: kwamba udongo wa bondeni, ambao kila mtu huuita mbovu, unafaa sawa na ule wa kununua. Alifinyanga, akachoma, akaandika. Mama alimtania, "Wenzako wanasoma vitabu, wewe unasoma matope!" Dada alicheka tu. Vyungu vyake vya bondeni vilitoka vizima, na sote tuliamini kazi imekwisha.

Asubuhi hiyo ya mtihani, mtahini, mama mpole wa maneno machache, alivigeuzageuza mezani.

"Havikukusumbua?"

"Vilisumbua. Lakini chungu kikianza kulegea, mkono unakiwahi."

"Na vya udongo wa kununua?"

"Vile havihitaji."

Dada alilisema bila wasiwasi, kisha nikaona uso wake ukibadilika.

"Sasa tumepima nini, mwenzangu?" mtahini aliuliza kwa upole. "Udongo, au mikono yako?"

Nilitamani kumchukia yule mama, nikashindwa. Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilikuwa tayari kumpa dada chochote nilichonacho, na sikuwa na chochote kilichofaa pale.

Ndipo wakamletea lile gurudumu, na donge la udongo wa bondeni.

Chungu kilipanda, kikayumba. Kidole gumba cha dada kikaingia ndani, kikakitegemeza.

"Kidole," mtahini alisema.

"Samahani. Mazoea yana taabu."

Akaanza upya. Safari hii alifumba macho, lakini mikono haikuhitaji macho; ilikitegemeza vilevile. Mara ya tatu aliuma mdomo, akaiondoa mikono kabisa. Chungu kilipoinama tu, ikarudi yenyewe.

"Siwezi," alisema. "Nakiona kinaanguka. Nakiachaje?"

Mtahini alivua miwani, akatazama sakafu. Gurudumu lilipungua mwendo, likasimama, na juu yake, kati ya mikono ya dada, chungu kilikuwa wima, kizuri kuliko vyote alivyowahi kufinyanga.