Robo ya Seremala

Mume wangu ni seremala, na seremala akisikia "robo" anaona ubao. Hapo ndipo tabu yangu ilipoanza.

Miaka sita iliyopita daktari alituketisha akatueleza ugonjwa wa binti yetu, sistiki faibrosisi, unaofanya makohozi kuwa mazito kama gundi, kifua kisitulie na chakula kisisagike vizuri tumboni. Akasema jeni inayohusika huja kwa jozi, moja ya baba, moja ya mama. Mimi nina moja mbovu na nyingine nzima, mume wangu vilevile, ndiyo maana hatuumwi. Binti yetu alirithi mbovu zote mbili. "Kwa kila mimba," akasema, "uwezekano wa mtoto kuugua ni robo."

Mume wangu akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Wapi. Kufika nyumbani akamwambia mama yake, "Kati ya wanne, mmoja. Huyo tumeshampata. Watatu waliobaki ni wazima." Mama mkwe akamshukuru Mungu. Mimi nikashika kichwa.

Nimesema mpaka mate yamenikauka. "Baba watoto, mimba haina kumbukumbu. Kila moja inaanza upya, haijui ya kwanza ilipata nini." Nikamrushia sarafu mezani mara ishirini aone jinsi upande mmoja unavyoweza kurudi na kurudi. Akasema sarafu si mtoto. "Ubao ukishaukata robo, mama watoto, zinabaki robo tatu." Na ni mtu huyuhuyu anayepima mlango mara tatu kabla hajagusa msumeno.

Basi nikashika mimba tena. Nikataka ipimwe, akaniambia najisumbua bure. Nikaenda peke yangu. Siku kumi za kungoja majibu sikupata usingizi, naye pembeni anakoroma. Nilimchukia, nasema kweli.

Leo asubuhi daktari akapiga simu. Mtoto amebeba jeni moja mbovu kama sisi wazazi wake, lakini hataugua. Nikakaa chini palepale jikoni, nikalia. Mume wangu aliposikia majibu akacheka hadi magego yakaonekana.

"Si nilikwambia? Hesabu imekubali. Bado wawili."

Nikajiandaa kumpa zake. Binti yetu alikuwa mezani, akimeza vile vidonge vinavyomsaidia kusaga chakula, kimoja kimoja, kama afanyavyo kila anapotaka kula. Akaweka kikombe chini. Hakuwa na hasira hata kidogo, alitaka tu kujua.

"Baba, kwa hiyo mimi ndiye niliyeuchukua ugonjwa, ili wenzangu wawe wazima?"

Tabasamu likamtoka mume wangu usoni. Akanigeukia mimi, kama anavyonigeukia siku zote mambo yakimzidi. Miaka sita nimeeleza, na maneno yote nilikuwa nayo. Safari hii sikumsaidia.

"Umeulizwa wewe," nikamwambia. "Mjibu mwanao."