Mkwe Aliyetokea Upande wa Mikoko

Siku ya kutoa jibu la posa ya mjukuu wangu Rukaiya, binti yangu Hija, ndiye mama yake, alifika hapa kwangu Kimbiji asubuhi na mapema akitokea Tandale, na baada ya kuniamkia tu akaniambia kwamba bado hajaamua. Nikamwambia sawa, kaa kwanza unywe chai. Vitumbua nilishavitoa jikoni, vya mchele wa kutwangwa, maana vya unga wa dukani mie havinikai mdomoni.

Aliyeposa ni kijana anaitwa Jamali. Watu wao wa Mtwara, mwenyewe anakaa Bunju na kazi yake ni kufunga umeme wa jua kwenye mapaa ya watu. Dini yetu moja. Tabia yake tuliiulizia mpaka kwa muuza maji wa mtaani kwao, hatukupata baya. Kilichomkwaza Hija ni baiskeli.

Hija anauza maharage na mchele sokoni Tandale. Huko baiskeli ina kazi. Inabeba mikate, inabeba kuku kwenye tenga, inabeba magunia ya mkaa mpaka mwenye baiskeli haonekani. Sasa akaambiwa kwamba huyu Jamali kila Jumapili anaungana na wenzake, wanavaa nguo za kubana, wanaiacha lami nzuri ya serikali wanatafuta njia za changarawe na vumbi, wanakwenda mpaka njia inapoishia, wanapiga picha, wanarudi. Hawakupeleka kitu na hawakuleta kitu.

"Mama, mtu mzima anatoka nyumbani kwake hana anakokwenda," aliniambia. "Huyo nimpe mtoto ampeleke wapi?"

Nikamkumbusha kwamba marehemu baba yake alikuwa anatoka kila jioni kwenda kucheza bao, na huko nako sikumbuki alichowahi kuleta. Hakucheka.

Wageni wakaja na gari, Mzee Shomari ambaye ndiye mshenga, na baba mdogo wake Jamali. Tukawakaribisha barazani. Mposaji mwenyewe kwetu siku hiyo haonekani, anakaa huko aliko anasubiri aletewe habari. Rukaiya alikuwa chumba cha ndani. Simu yake mama yake alishaichukua akaitia kwenye mkoba, akasema leo si siku ya simu. Mtoto wa watu kitumbua kimoja kilimshinda.

Hija akaanza kuzunguka, kama inavyotakiwa. Akauliza mvua za Mtwara, akauliza barabara, akauliza korosho mwaka huu zimekaaje. Wale wazee wakajibu kila kitu kwa adabu huku wanatazamana. Nilipoona wamefika kwenye habari za mbolea nikajua bado safari ni ndefu, nikaenda zangu uani kuangalia wali wa nazi.

Nyuma ya nyumba yangu ardhi inateremka kidogo. Kuna minazi michache, halafu majani yale magumu ya chumvi, halafu uwanda mtupu mpaka kwenye mikoko. Maji yakipwa, uwanda ule unakauka juu, unakuwa mweupe na umenyooka kama sakafu iliyofagiliwa. Mtu asiyeujua anaona barabara. Lakini ule weupe ni ganda tu, chini yake ni tope jeusi. Na zikiwa siku za bamvua, kama siku ile, bahari inajaa kupitia mikokoni kimya kimya, nawe hujui mpaka uone kaa wanahama. Sie wenyeji tunapita pembeni, kwenye tuta la makombe.

Nikaona mtu katikati ya uwanda, juu ya baiskeli.

Mwanzo alikuwa anakwenda vizuri, tena kwa madaha, kainama mbele kama anayemnong'oneza mtu. Halafu gurudumu la mbele likazama. Hakuanguka kwa kishindo. Alijilaza taratibu, kama mtu aliyechoka akaona kitanda. Akainuka mweusi upande mmoja, akatazama nyuma, maji yalishaingia. Akatazama kulia, maji. Akaibeba baiskeli begani na kuja moja kwa moja kwenye moshi wa jiko langu, kila hatua anang'oa mguu kama anang'oa muhogo.

Nilimngoja na mwiko wangu mkononi. Sura nilishaiona kwenye simu ya Rukaiya, ingawa kwenye picha alikuwa na rangi moja.

"Shikamoo, bibi," akasema, na meno ndiyo yaliyokuwa meupe.

"Marahaba, mume wangu."

Kwetu bibi na mume wa mjukuu ni watani. Rukaiya mwenyewe namwita mke mwenzangu, na mume wake ni wetu sote wawili. Lakini kwa mama mkwe hakuna utani hata chembe. Hampeani mkono, hamli pamoja, na mkikutana njiani mama mkwe anajifunika kichwa na kumpa mgongo mkwe wake, mkwe anainamisha uso, kila mtu anapita na heshima yake. Na huyu wa kwetu alikuja na kaptula, niseme tu, isiyojua kutunza siri. Mie nimezaa na nimelea, lakini nilitazama sufuria.

Nikaikagua baiskeli. Matairi mapana yana meno kama ya trekta. Keria haina, kengele haina, madigadi haina. Nikamuuliza sasa mie atanipakia wapi. Akasema baiskeli hiyo imetengenezwa kwa ajili ya barabara mbovu.

"Hapo ulipopita si barabara, mume wangu," nikamwambia. "Hapo ni bahari, imetoka kidogo."

Hakuwa na nafasi ya kucheka, maskini. Aliziona kanzu mbili kule barazani kupitia upenyo wa ukuta, akachuchumaa nyuma ya pipa akaniomba nimfiche. Nikampa ndoo ya maji na khanga yangu moja, ile ya korosho nyekundu, nikamwonyesha bafu langu la makuti. Nikamsikia humo anajimwagia na kuhema.

Wali ulikuwa unakaribia kukauka Hija alipokuja uani. Alikuja kuniuliza aseme nini, najua, ingawa yeye alisema kaja kuuliza chumvi. Akaiona baiskeli imeegemea ukuta wa jiko inadondosha tope.

"Ya nani hii?"

"Ya mume wangu."

Na Jamali, ambaye alikuwa anamwaga maji na hakusikia kitu, akatoka bafuni. Khanga kaifunga kiunoni kama mvuvi, nywele zinachuruzika. Akamwona Hija. Akakaa palepale chini mchangani, uso magotini. Na Hija, kufumba na kufumbua, kajifunika mtandio na kugeuka, anatazama ukuta wa jiko.

Tukakaa hivyo. Mie katikati na mwiko.

"Mama," Hija akauambia ukuta, "muulize huyo alikuwa anakwenda wapi."

Nikamgeukia Jamali. "Unaulizwa ulikuwa unakwenda wapi."

Akanijibu mimi, kwa sauti ya chini, kama vile tuko wawili tu. Akasema Rukaiya hapatikani kwenye simu tangu asubuhi, na baba yake mdogo hapokei. Wenzake walikuwa wanazunguka kwa barabara ya changarawe ya huko juu, naye akaona kwa mbali paa la nyumba hii, akajitenga nao. Alitaka tu apite mbali, kule mikokoni, aangalie kama gari la wazee bado lipo. Wangekuwa wamekataliwa wangeshaondoka.

"Nikalikuta lipo, bibi. Nikafurahi nikasahau kutazama chini."

Nikasikia wali unaanza kushika chini, sikuugusa.

"Mwambie angezama," Hija akasema mwishowe, na sauti haikuwa ya sokoni.

"Kasikia," nikasema. "Masikio kayaosha sasa hivi. Lakini Hija, si umeniambia bado hujaamua?"

"Sijaamua."

"Basi mbona umempa mgongo? Wauza samaki wote wanaopita hapa unawatazama usoni mpaka wanashusha bei. Mgongo huu tunampa mkwe."

Alitaka kugeuka. Nilimwona bega likianza, shingo ikifuata, halafu ikakwama. Angegeuka angemtazama, na akishamtazama ndiyo kamkataa mbele yangu na mbele ya Mungu. Asingegeuka, basi jibu kashalitoa, tena kalitolea uani, kwa kijana aliyevaa khanga. Akabaki na ukuta wake. Mara mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia nikamsogelea, kumbe kicheko kimembana, kaziba mdomo kwa mtandio.

"Wazee nitawaambia mwenyewe," akasema alipopata pumzi. "Wewe usitangulie na mdomo wako, mama."

Akaondoka ubavu ubavu, ameshika ukuta mpaka kwenye kona, asije akamwona kwa bahati mbaya. Hazikupita dakika nyingi nikasikia Mzee Shomari anamshukuru Mungu kwa sauti, na mlango wa chumba cha ndani ukafunguka kwa nguvu.

Jamali bado alikuwa chini mchangani. Akaniuliza kama maji yatapwa mapema, aondoke kwa njia aliyojia, maana kujitokeza mbele ya wazee leo ni aibu. Sijamjibu, mkono wa Hija ukachomoza kwenye kona ya nyumba, mkono peke yake, umeshika suruali ya kaki ya marehemu mume wangu na fulana.

"Mwambie avae, akale na wazee wake barazani," sauti ikasema. "Mie nitakuwa ndani."

Ile suruali ilikuwa ya mtu mnene. Jamali akafungua kimkoba chini ya kiti cha baiskeli, akatoa mpira mpya wa tairi, akajifunga nao kiunoni, akakaza fundo. Akaniuliza kama anafaa. Nikamzungusha, nikamfuta tope lililobaki nyuma ya sikio, nikampa sinia la wali alibebe yeye.